Santuri za Kale na Sauti Zilizomo

Leo twataka kuzungumza habari ya santuri: zile sahani nyeusi, nzito, zivunjikazo upesi, ambazo wazee wetu walizipiga nyumbani kwa kinanda cha kutia ufunguo. Viwanda karibu vyote viliacha kuzifanya kufikia mwaka 1970, lakini zenyewe hazijatoweka. Zimo katika masanduku ya watu Unguja na Mombasa, Tanga na Lamu, na hata mbali na pwani. Mara nyingi kijana huikuta moja chini ya kitanda cha bibi yake, akaipangusa kwa upande wa kanga, akatafuta chombo cha kuipigia, kisha akalalamika kuwa haina kitu ila mkwaruzo. Husema santuri imekufa. Sisi tupendao kazi hii, ambao jioni nyingi tumeketi mbele ya vyombo vya namna mbalimbali tukilinganisha sauti zake, twajua kuwa aghalabu santuri haijafa. Kilicho kibaya ni sindano, au mwendo, au vumbi tu. Walakini kijana huyo, akizidi kuijaribu kwa chombo kisichofaa, aweza kuiua kweli kweli, na sauti iliyokwisha kusagwa hairudi.

Kwanza tueleze santuri ni kitu gani. Ukiielekeza kwenye mwanga utaona mistari mingi sana, mfano wa matuta ya shamba. Kwa kweli si mistari mingi. Ni mfuo mmoja tu kila upande, uanzao ukingoni na kuzunguka, kama ukili uzungukavyo katika kikapu, hata ufike karibu na karatasi ya katikati. Santuri ya upana wa inchi 10 huimba kwa muda wa dakika 3 hivi. Kwa kuwa huzunguka mara 78 kila dakika, wimbo mmoja ni mizunguko 234, na mfuo wake ungeliweza kunyoshwa ungepata urefu wa zaidi ya futi 400. Katika safari hiyo yote mfuo haukunyoka. Hupinda kuume na kushoto, mapindo madogo yasiyoonekana vema ila kwa kioo cha kukuzia. Kila pindo ni mtetemo mmoja wa sauti. Ngoma nzito hufanya mapindo mapana yaliyo mbalimbali. Fidla hufanya mapindo membamba yaliyosongamana. Hakuna kitu kingine humo. Sauti yote ya mwimbaji, na pumzi yake, na mkono wa mpiga udi, vimeandikwa katika kuta mbili za mfuo huo, na mtu akizikwangua kuta hizo amefuta maandishi.

Katika kinanda cha kale hapakuwa na umeme wo wote. Kamani ilizungusha bamba. Sindano ya chuma ilipita katika mfuo ikitikiswa na mapindo. Sindano ikatikisa kiwambo chembamba cha ulanga, au cha alumini. Na kiwambo kikausukuma upepo uliomo katika pembe. Basi nguvu yote ya sauti iliyojaza chumba, na kusikika mpaka barazani, ilitoka katika msuguano wa ncha moja ndogo na ukuta wa mfuo. Ndiyo maana kichwa cha kinanda kile kilikuwa kizito, kikiikandamiza sindano kwa uzito wa gramu 100 na zaidi. Chombo cha umeme cha siku hizi, kilichotengenezwa vema kwa santuri hizo hizo, huziwekea uzito wa gramu 3 mpaka 5 tu.

Huenda mtu akauliza, je, santuri zilivumiliaje uzito ule? Jibu limo katika vitu zilivyofanywa navyo. Shina lake ni utomvu wa wadudu wadogo wa Bara Hindi wakaao juu ya matawi ya miti, utomvu ule ule ambao zamani ulifanyiwa lakiri ya kutilia muhuri barua. Utomvu huo ulichanganywa na unga wa mawe na masizi, ukakandamizwa ungali moto. Unga wa mawe ulitiwa kwa makusudi mawili: kuipa santuri ugumu, na kuinoa sindano. Maana sindano ya chuma, ikianza kupita, husagwa na mawe yale katika mizunguko ya kwanza hata ncha yake ikae sawasawa na mfuo. Hapo husikika vizuri. Lakini haiachi kusagwa. Ifikapo mwisho wa wimbo imekwisha kupata mabega makali pande mbili, na ukiitumia kwa wimbo wa pili, sasa si santuri inayoisaga sindano. Ni sindano inayoisaga santuri. Katika Vita Kuu ya 1939 hadi 1945 utomvu ule ukawa haba, na huko Marekani na Uingereza watu walihimizwa kuzirudisha santuri kuukuu zipate kusagwa na kufanywa mpya. Hatuwezi kukumbuka jambo hilo bila kusikitika kidogo, kwa kuwa nyimbo ngapi zilikwenda kinuni!

Kwa hiyo shauri lililoandikwa juu ya vijisanduku vya sindano za kale, kwamba sindano moja ni ya upande mmoja tu, halikuwa hila ya wafanya biashara. Lilikuwa kweli tupu. Katika nyumba nyingi halikufuatwa, kwa sababu sindano zilikuwa ghali au duka lilikuwa mbali, na mtu alitumia sindano moja kwa harusi nzima. Alama yake twaiona mpaka leo: mfuo uliokuwa mweusi wa kung'aa umekuwa wa kijivu, hasa pale mwimbaji alipopaza sauti, kwa kuwa pale ndipo mapindo yalipokuwa mapana na ndipo sindano ilipoparua zaidi. Ukiona rangi ya kijivu, usitazamie muujiza. Ukiona mweusi unang'aa, hata kama mkwaruzo ni mwingi, kuna matumaini makubwa.

Tena sindano hizo hazikuwa za namna moja. Nene ilitoa sauti kubwa, nyembamba sauti ndogo, na zilikuwako pia za mwanzi na za mwiba, ambazo ni laini kuliko chuma. Mwenye kinanda cha kale kizima, ambaye ataka kusikia kama babu alivyosikia, na afanye hivyo kwa santuri iliyo na nyingine nyingi mfano wake, kwa sindano mpya kila upande, iliyo nyembamba. Lakini kama anayo santuri ambayo hajapata kuona ya pili yake, asiiguse kwa kinanda kile hata mara moja. Kuhusu neno hili hatuna maneno mawili.

Watu wengi leo hawana kinanda cha kale. Wana chombo cha umeme kilichonunuliwa kwa ajili ya santuri za plastiki. Hapa pana mtego ambao tumeona wengi wakinaswa. Santuri za plastiki za mwendo wa mara 33 na theluthi zilianza kuuzwa Marekani mwaka 1948, na zile ndogo za mwendo wa mara 45 zikafuata mwaka 1949. Mifuo yake ni myembamba sana. Igawe inchi moja sehemu 1000: ncha ya sindano ya plastiki ni kama sehemu 1 tu, bali ya santuri ya kale ni kama sehemu 3. Ukiitia sindano nyembamba katika mfuo mpana, haizigusi kuta zilizoandikwa sauti. Huzama mpaka chini, ikakokota juu ya vumbi na makombo yaliyokusanyika humo miaka 80. Ndipo mtu asikiapo sauti kama ya samaki wanaokaangwa, akaitupa santuri. Tumekwisha kupiga santuri moja kwa sindano hizi mbili, moja baada ya nyingine, katika chumba kimoja na kwa chombo kimoja. Kwa ile nyembamba tulisikia mvua juu ya bati na mtu akiimba nyuma yake. Kwa ile nene mvua ilipungua ikawa manyunyu, na mwimbaji akaja mbele. Badiliko hilo moja lilitufaa kuliko kununua spika mpya za fedha nyingi. Na kinyume chake ni vibaya zaidi: sindano ya chuma ya kinanda cha kale ikiwekwa juu ya plastiki, huichimba papo hapo.

Liko jambo la pili ambalo halina gharama. Santuri za plastiki za njia mbili, yaani stirio, zilizoenea tangu mwaka 1958, huandika sauti kwa mapindo ya kando na pia kwa kupanda na kushuka. Karibu santuri zote za kale zina mapindo ya kando tu. Basi kila kinachoitikisa sindano juu na chini ni uchafu na mashimo, wala si muziki. Ukiziunganisha njia mbili za chombo chako ziwe moja, mtikiso wa juu na chini hujifuta wenyewe, na sehemu ya mkwaruzo huondoka bila kuigusa sauti ya mwimbaji. Katika amplifaya nyingi kuna kitufe cha kazi hiyo. Kadhalika amplifaya hizo zimepangwa kwa kanuni ambayo viwanda vilipatana mwaka 1954, ambayo hupunguza sana sauti za juu. Kwa santuri nyingi za zamani kupunguza huko kumezidi, nazo husikika kama zimefunikwa blanketi. Dawa yake ni kuzungusha kitufe cha sauti za juu kidogo kidogo, hata fidla ipate makali yake.

Sasa tuje kwenye mwendo. Santuri ikizungushwa upesi mno, si wimbo tu unaokimbia. Sauti nayo hupanda. Badala ya mizunguko 78 ikienda karibu 83, kila noti imepanda nusu daraja, na mwanamke mtu mzima huimba kama msichana. Ikienda pole mno, husikika mzito na mchovu. Kinanda cha kale kina kijiti cha kurekebisha mwendo, na mtu aweza kukipima bila chombo cho chote ila saa. Weka kipande kidogo cha karatasi chini ya ukingo wa santuri kikitokeza nje, tia ufunguo wote, weka sindano, kisha hesabu karatasi imepita mara ngapi katika dakika moja. Ni sharti sindano iwe juu ya santuri wakati wa kuhesabu, kwani uzito wake hupunguza mwendo. Tena tia ufunguo kila upande, usingojee kamani ichoke. Ikichoka, mwimbaji hushuka polepole mwishoni kama mtu anayesinzia. Lakini sauti ikiyumba kila mzunguko, juu chini, juu chini, si kosa la kamani. Huenda tundu la katikati halikutobolewa katikati hasa, au santuri imepindika kwa joto.

Wala isidhaniwe kuwa hesabu ya 78 ni sheria ya tangu mwanzo. Edison alivumbua chombo chake cha mwaka 1877 kwa mwanzi uliozungushiwa karatasi nyembamba ya bati, na Berliner akaleta sahani iliyo bapa mwaka 1887. Kwa muda wa miaka mingi baadaye kila kiwanda kilikuwa na mwendo wake, mwingine chini ya 78, mwingine juu. Mpaka mwaka 1925 nyimbo zilinaswa pasipo umeme: waimbaji walisongamana mbele ya pembe kubwa, wenye vyombo vya kelele wakirudishwa nyuma, na sauti zao wenyewe ndizo zilizosukuma sindano ya kukatia mfuo. Mwaka huo wa 1925 maikrofoni ikaingia, na sauti nyembamba na nzito ambazo pembe haikuzikamata zikaanza kupatikana. Miaka 3 baadaye, yaani 1928, Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba katika Unguja, alisafiri na wenziwe mpaka Bombay kupiga santuri za Kiswahili kwa kampuni ya His Master's Voice. Mtu aliyezizoea santuri za kabla ya maikrofoni, akisikiliza za baada yake kwa sindano ifaayo, hutambua tofauti mara moja: yaliyokuwa maneno ya mtu aliye chumba cha pili yamekuwa ya mtu aliye mbele yako.

Na maneno ndiyo tunayoyataka. Wimbo wa Kiswahili ni shairi. Asiyeyasikia maneno hakusikia wimbo. Hapa twataka msikilizaji ajue jambo moja ambalo wenye kupenda vyombo hulisahau. Herufi zetu s, sh, z na ch hukaa katika sauti za juu kabisa, mahali pale pale ulipo mkwaruzo. Mtu akikasirishwa na mkwaruzo akaikata sauti ya juu yote, mkwaruzo huondoka kweli, lakini herufi hizo huondoka nao, hata usijue kama aliyeimbwa ni sisi au ni fisi. Basi sisi huvumilia mkwaruzo kiasi. Sikio la mtu ni la ajabu. Likipewa dakika moja huuzoea mvumo ulio sawasawa na kuuacha nyuma, bali herufi iliyokwisha kukatwa haliwezi kuirudisha. Tena utaona kuwa maneno ya mwisho wa upande ni mazito kuyapambanua kuliko ya mwanzo. Si kwamba mwimbaji amechoka. Ukingoni mfuo hupita chini ya sindano kwa kiasi cha inchi 38 kila sekunde, na karibu na katikati hupungua kuwa inchi 16 hivi. Mapindo hubanwa, na sindano hushindwa kuyafuata yote.

Chumba nacho ni chombo. Nyumba za mawe za Mji Mkongwe zina vyumba virefu vyembamba, kwa sababu upana wake ulifuata urefu wa boriti za mikoko, na kuta zake ni ngumu na tupu. Ukiweka spika mwisho mmoja wa chumba kama hicho, sauti hurudi kutoka ukuta wa mbali na kuyafunika maneno. Tandika mikeka au busati, tundika kitambaa kizito ukutani, kisha usogeze kiti karibu. Utadhani umenunua chombo kipya. Pembeni mwa chumba ngoma huongezeka na maneno hupungua. Katika nyumba ya makuti, kinyume chake, sauti humezwa na paa na kuacha ukavu, na huko pembeni pafaa.

Kusafisha ni kazi ndogo lakini ina haramu yake. Usitumie spiriti wala kitu cho chote chenye pombe, maana utomvu ule huyeyuka ndani yake, na santuri itapauka mbele ya macho yako. Usipake mafuta ya nazi wala ya namna nyingine. Mng'ao wake wadanganya, na kesho vumbi litanasa juu yake. Ondoa vumbi kwa brashi laini, ukifuata mfuo uzungukavyo. Penye ukungu, ambao pwani ni adui mkubwa, tumia maji safi yaliyotiwa sabuni laini kidogo sana, bila kuilowesha karatasi ya katikati, kisha suuza na kukausha kivulini kwa kitambaa kisichoacha nyuzi. Jua la saa moja laweza kuipinda santuri isikalike tena.

Mwenye santuri adimu atafanya vema kuipiga mara moja tu, ikiwa safi, kwa sindano ifaayo na mkono mwepesi, na kuihifadhi sauti yake katika kompyuta, kisha kusikiliza nakala hiyo kila atakapo. Kama chombo chake hakina mwendo wa 78, na aipige kwa mwendo wa 45, kisha programu ya kompyuta iuzidishe mwendo mara 1.73 na kidogo, iwe sawa. Ya kwanza iwekwe kama ilivyotoka, pamoja na mkwaruzo wake wote. Akitaka kusafisha, asafishe nakala ya pili, kwa kuwa programu za kuondoa mkwaruzo hufanya kosa lile lile la kukata herufi, na huenda miaka ijayo zikapatikana zilizo bora. Aandike pia, kwa kalamu ya risasi juu ya bahasha mpya ya karatasi, jina la mwimbaji, jina la wimbo, nambari iliyo juu ya karatasi ya katikati, na ile nyingine iliyokwaruzwa katika weusi karibu nayo, pamoja na mwendo na sindano aliyoitumia. Nambari hizo mbili ndizo ziwawezeshazo watu wa mbali kujua kama santuri yake na yao ni moja. Baada ya hayo santuri na irudi ndani ya bahasha, isimamishwe wima kati ya nyingine zilizo sawa nayo kwa ukubwa, wala isilazwe chini ya mzigo, katika kabati lililo mbali na dirisha na mbali na jiko.